Imani za kale za Waslavi: kwa nini ni vigumu kuzijenga upya?

Jamii ya watu wenye asili ya Ukraine nchini Canada ni miongoni mwa jamii kubwa za Waukraine waishio ughaibuni. Sensa ya mwaka 2021 iliwahesabu zaidi ya milioni 1.2, na mji wa Toronto ni mojawapo ya makao yao makuu. Wengi wao ni Wakristo, wa Kiorthodoksi au wa Kikatoliki wa mapokeo ya Mashariki. Lakini wapo wachache wanaotaka kuirudia dini iliyokuwapo kabla ya Ukristo. Swali linalowakabili ni hili: dini hiyo ilikuwaje hasa?

Kumbukumbu za wapinzani

Waslavi hawakuacha kitabu cha dini yao. Maandishi yaliwafikia katika karne ya 9 pamoja na Injili, na waliofahamu kusoma na kuandika walikuwa zaidi watu wa kanisa.

Chanzo kikuu ni tarehe iliyoandikwa na watawa wa Kyiv mwanzoni mwa karne ya 12. Inasimulia kwamba mwaka 980 Mtawala Volodymyr alisimamisha sanamu za miungu sita kilimani: Perun, Khors, Dazhboh, Stribog, Simargl na Mokosh. Mwaka 988 alibatizwa, akaamuru Perun afungwe mkiani mwa farasi, aburutwe na kutupwa mtoni Dnieper. Nakala kongwe ya tarehe hiyo iliyosalia ni ya mwaka 1377, karibu miaka 400 baadaye.

Tarehe inataja majina, haielezi kila mungu alikuwa na kazi gani. Tena, katika mapatano na Wagiriki ya mwaka 971, watu wa Kyiv wanaapa kwa Perun na kwa Veles, mungu wa mifugo. Lakini katika orodha ya mwaka 980 Veles hayumo. Sababu haikuandikwa.

Huko magharibi, hekalu la Svantevit lililokuwa Arkona, kisiwani Rügen, lilibomolewa na Wadenmark mwaka 1168. Aliyetuachia maelezo yake ni Saxo Grammaticus, mwandishi wa upande wa washindi.

Lugha nayo ni shahidi. Kwa Kipoland neno piorun ni radi, na Walithuania walikuwa na mungu wa radi aitwaye Perkūnas. Hivyo ni dhahiri kwamba Perun alihusishwa na radi. Lakini jina halituambii sala wala taratibu za ibada.

Pengo linapozibwa

Volodymyr Shayan, msomi wa Kiukraine aliyefariki London mwaka 1974, alitumia maisha yake kuhuisha imani hiyo. Kitabu chake kilichapishwa mwaka 1987 mjini Hamilton, jirani na Toronto. Mfuasi wake wa zamani, Lev Silenko, alijitenga naye, na mwaka 1966 akaanzisha kundi lake mjini Chicago, akifundisha kwamba Mungu ni mmoja tu, Dazhboh. Wote wawili walitegemea kumbukumbu zile zile chache, lakini zikazaliwa dini mbili.

Wengine walikishika Kitabu cha Veles, kinachodaiwa kunakiliwa kutoka vibao vya mbao vilivyookotwa mwaka 1919 na kupotea mwaka 1941. Wanaisimu wengi wanakiona kuwa ni cha kughushi, kwa kuwa lugha yake inachanganya maumbo ya nyakati mbalimbali.

Funzo kwa Afrika Mashariki

Jambo hili si geni kwetu. Okot p'Bitek wa Uganda aliwalaumu wanazuoni waliowavika miungu wa Kiafrika mavazi ya Kigiriki. Alisimulia jinsi wamisionari walivyowauliza wazee wa Kiacholi ni nani aliyewafinyanga. Wazee wakamtaja Rubanga, pepo aliyeaminika kuwapinda watu migongo, na jina hilo likafanywa kuwa la Mungu Muumba.

Waacholi walikuwapo kusahihisha. Waslavi wa kale hawapo. Kwa hiyo mtu wa Toronto anayemwomba Perun leo ana haki ya imani yake, lakini sehemu kubwa ya sala yake imetungwa katika zama zetu. Na kwa wale ambao wazee wao bado wako hai, muda wa kuwauliza na kuandika majibu yao kama walivyoyatoa, bila kuwawekea maneno kinywani, ni sasa.