Nasaba ya Kuumeni Haijui Mpaka wa Kabila

Katika mitaa ya Temeke na Kinondoni, ambako familia zilizotoka kila pembe ya Tanzania zimeoana kwa vizazi kadhaa, kabila la mtu huhesabiwa mara nyingi kuumeni: mtoto aliyezaliwa Mbagala na mama Mmakonde na baba Mnyakyusa huitwa Mnyakyusa, hata kama hajawahi kufika Tukuyu na Kinyakyusa chake hakizidi salamu. Desturi hiyo ina mwenzake ndani ya mwili, kwa kuwa ipo sehemu ya vinasaba ambayo baba humrithisha mtoto wa kiume peke yake. Lakini wataalamu walioifuatilia wameona kwamba kumbukumbu inayoibeba ni kongwe kuliko makabila yanayotajwa leo, na kwamba peke yake haitoshi kueleza asili ya mtu yeyote.

Vinasaba ni maelekezo ya kikemikali yaliyomo katika seli za mwili, na neno lenyewe limetokana na nasaba, yaani ukoo na asili. Maelekezo hayo yamefungwa katika jozi 23 za nyuzi ziitwazo kromosomu, na kwa kawaida katika jozi ya mwisho mwanamke ana kromosomu X mbili, ilhali mwanamume ana X moja aliyopewa na mama na Y moja aliyopewa na baba. Kromosomu nyingine huchanganyika kila kizazi, ila sehemu kubwa ya Y hurithiwa bila kuchanganywa. Hata hivyo, inaponakiliwa hutokea mara chache kosa dogo, herufi moja ikashika nafasi ya nyingine, na kosa hilo likabaki kuwa alama kwa uzao wote wa kiume utakaofuata. Wanaume wenye alama moja huwekwa katika kundi la nasaba liitwalo haplogrupu. Kwa upande wa kukeni, kazi hiyo hufanywa na vinasaba vya mitokondria, ambavyo mama huwapa watoto wote, lakini ni binti tu anayevipitisha mbele.

Nchini Tanzania, alama iitwayo M2 imeenea sana miongoni mwa wanaume wa jamii zinazosema lugha za Kibantu, nao wanaishiriki na wanaume wengi wa Kameruni, Nigeria na Afrika Kusini, jambo linaloendana na safari ndefu za wakulima zilizoanzia Afrika Magharibi miaka 4,000 au zaidi iliyopita. Alama nyingine, M293, iliyoelezwa katika utafiti wa mwaka 2008, hupatikana kwa Wadatoga, wenye lugha ya Kiniloti, na kwa Wasandawe, wenye lugha ya vidoko, kisha huonekana tena kusini mwa Afrika, ambako inaaminika kupelekwa na wafugaji waliopitia Tanzania yapata miaka 2,000 iliyopita. Hali hii si ya Afrika pekee, kwani hata India, ambako watu wa matabaka ya kuzaliwa wameoana wao kwa wao kwa karne nyingi, haplogrupu H hupatikana katika matabaka mbalimbali na pia katika jamii za asili zilizo nje ya matabaka hayo.

Funzo kubwa zaidi limetoka katika mwambao wa Waswahili. Masimulizi ya Kilwa yanasema kwamba watawala wake walitoka Shirazi, Uajemi. Baadhi ya waandishi wa zama za ukoloni waliyatumia kudai kwamba miji ya mawe ilijengwa na wageni, na wanazuoni wengi wa baadaye wakayachukulia kuwa ni hadithi za kujitafutia heshima. Mwezi Machi 2023, jopo la watafiti, miongoni mwao Chapurukha Kusimba, mwanaakiolojia mzaliwa wa Kenya, na David Reich wa Chuo Kikuu cha Harvard, lilichapisha matokeo ya vinasaba vya watu 80 wa kale, wengi wao wakiwa wamezikwa katika miji ya pwani kama Manda, Mtwapa, Kilwa na Songo Mnara kati ya mwaka 1250 na 1800. Kwa wengi wa watu hao, kukeni kulikuwa kwa Kiafrika karibu kabisa, ilhali kuumeni kulielekea Asia, hasa Uajemi, na kulikuwamo pia mchango wa India. Mchanganyiko huo ulianza yapata mwaka 1000, na baada ya mwaka 1500 hivi asili ya Uarabuni ikazidi kuongezeka.

Matokeo hayo yanahitaji kusomwa kwa uangalifu, kwani makaburi mengi yaliyochunguzwa yalikuwa ya watu wenye hadhi mjini, wala hayawasemei wavuvi na wakulima wote wa pwani. Lakini jambo moja liko wazi: aliyezikwa Mtwapa, kama angepimwa Y peke yake, huenda angeitwa Mwajemi, ilhali vinasaba vyake vingine vilitoka kwa wanawake wa Kiafrika kwa sehemu kubwa, na lugha iliyodumu katika miji hiyo ni Kiswahili, lugha ya Kibantu, iliyo ya upande wa mama zake.

Kunduchi, ndani ya Kinondoni, yapo makaburi ya nguzo yaliyojengwa kwa mawe ya matumbawe, na katika nguzo zake zilipachikwa bakuli za kauri kutoka China, ili kila mpita njia ajue kwamba marehemu alikuwa na mahusiano ya ng'ambo. Nyuma ya pwani hiyo hiyo, hata hivyo, Wazaramo, kama walivyo jirani zao Waluguru, kwa jadi walimhesabu mtoto katika ukoo wa mama, na mjomba ndiye aliyekuwa na sauti katika mambo ya urithi. Kwa jamii kama hizo kipimo cha Y kinafuata njia ambayo wenyewe hawakuifanya kuwa njia kuu ya ukoo.

Ni vyema pia kutofautisha utafiti wa asili ya kale na kipimo cha kumtambua baba mzazi, ambacho nchini Tanzania kinasimamiwa na Sheria ya Vinasaba vya Binadamu ya mwaka 2009 na hufanywa na Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali. Kipimo hicho hulinganisha sehemu nyingi za vinasaba vya watu walio hai ili kujibu swali moja la ndiyo au hapana. Hakimpi mtu kabila, wala hakimwondolei.

Mtoto yule wa Mbagala, akihesabu vizazi kumi nyuma, ana nafasi 1,024 za mababu na mabibi, na kromosomu yake ya Y imetoka kwa mmoja tu kati yao. Dada yake wa baba mmoja na mama mmoja hakupewa Y hata kidogo, na Unyakyusa wake haukupungua.