Nani Atatuundia Ndege Tunayoitamani?

Mwanafunzi wangu wa zamani, ambaye siku hizi ni mhandisi katika kaunti ya Surrey nchini Uingereza, aliniandikia barua ndefu majuma machache yaliyopita. Haikuwa ya kuomba fedha wala ya kutaka nimwandikie pendekezo la kazi. Alitaka nimtafutie picha. Picha yenyewe ni ya ndege aina ya Super VC10 ya lililokuwa Shirika la Ndege la Afrika Mashariki, iliyopigwa ubavuni katika uwanja wa Embakasi, na rangi zake ziwe zinaonekana barabara. Nilipomuuliza ya nini, alinijibu kwamba anaiunda ndege hiyo. Si ya kubeba abiria, bali ya urefu wa mita mbili hivi, ya kurushwa kwa rimoti.

Huenda msomaji akacheka. Mtu mzima, mwenye mke na watoto wawili, kushinda Jumapili kutwa akichezea ndege! Hata mimi nilicheka, hadi nilipopitia huko mwaka juzi nikielekea kongamano, naye akanipeleka kwenye konde la nyasi ambako chama chao hukutana. Nilikuta watu wapatao ishirini, wengi wao wastaafu: walimu, fundi wa mabomba, daktari mmoja, na mzee mmoja aliyewahi kuwa rubani wa ndege kubwa. Ndege moja iliponyakuliwa na upepo ikajipigiza chini, hakuna aliyecheka. Kimya kilitanda kama cha matangani, kisha watu wakaenda kumsaidia mwenye msiba kuokota vipande. Shuleni tulifundishwa kwamba jambo la namna hii huitwa uraibu, yaani shughuli aipendayo mtu wakati wa faragha yake. Siku hizi neno hilo limehamia kwa watumiaji wa dawa za kulevya, na nadhani wake wa wanachama wale hawataona tofauti kubwa baina ya maana hizo mbili.

Wakati wa chai nilitega sikio, kama ilivyo ada ya watu wa taaluma yangu. Mazungumzo yote yalikuwa ni matamanio. Huyu alitamani ndege ya injini mbili ambayo mabawa yake yanang'oka kwa skrubu mbili tu, ili iingie katika buti ya gari dogo. Yule alitaka magurudumu yanayojikunja angani na ambayo hayavunjiki yakitua kwenye nyasi ndefu. Mwingine alilalamika kwamba kila ndege mpya huja na betri ya ukubwa wake, hata nyumba imejaa betri zisizoingiliana. Lakini kilio kilichowaunganisha wote kilikuwa kimoja: kwa nini kampuni za Marekani na China zinazounda ndege hizi hutoa kila mwaka Spitfire nyingine na Mustang nyingine, ilhali dunia imewahi kurusha maelfu ya aina za ndege?

Jibu si gumu. Ndege nyingi za rimoti leo huundwa kwa povu gumu, jamaa ya lile linalofungia televisheni ndani ya sanduku. Povu hilo humiminwa katika kalibu ya chuma, na kuchonga kalibu ni kazi ya gharama kubwa ambayo hurudi tu iwapo ndege zitauzwa kwa maelfu. Spitfire halisi zilizoundwa zilipita 20,000, na Mustang zilipita 15,000. Zimo katika filamu, katika vitabu vya watoto, katika hadithi za babu. Mwenye kampuni anajua kwamba jina peke yake litauza. Ajabu ni kwamba Spitfire yenyewe si ndege rahisi kwa mrushaji mdogo, kwani magurudumu yake yamekaribiana mno, na kwenye nyasi hupenda kulala ubavu kabla haijaruka. Watu huinunua, huivunja, huilaani, kisha hununua nyingine.

Hapo ndipo nilipotambua jambo ambalo limenikaa moyoni tangu siku hiyo. Mwalimu yeyote wa Kiswahili anaijua shida ya kuwafundisha wanafunzi tofauti baina ya -nge- na -ngali-. Tunawaambia kwamba -nge- hubeba tamaa ambayo mlango wake haujafungwa, na -ngali- hubeba ile iliyokwisha kupitwa na wakati. Matamanio ya watu wale ningeyatafsiri kwa -nge-, maana kampuni zipo na huenda zikasikia. Hata hivyo, baadhi yake yamekwisha kuvuka mpaka. Mnamo Januari 2018 kampuni ya Hobbico ya Champaign, Illinois, iliyokuwa miongoni mwa kubwa kabisa katika biashara hii, iliomba ulinzi wa mahakama kwa kufilisika. Aliyekuwa akiingojea kampuni hiyo imtolee ndege fulani ilimbidi abadilishe kiambishi.

Lakini kiambishi kilichonishughulisha zaidi kilitangulia hicho. Ni kiambishi cha nafsi. Wote walisema, kwa lugha yao, “laiti wangeunda”. Hakuna hata mmoja niliyemsikia akisema “laiti ningeunda”.

Haikuwa hivyo zamani. Mapacha Walter na William Good wa Kalamazoo, Michigan, walipoitamani ndege inayotii amri ya mtu aliyesimama ardhini, hapakuwa na duka la kuwauzia. Waliunda ndege na redio yake kwa mikono yao wakiwa vijana wa chuo, na mnamo 1937 wakairusha. Ndege hiyo, waliyoiita Guff, imehifadhiwa na taasisi ya Smithsonian huko Marekani. Nchini Uingereza, jarida la Aeromodeller, lililoanza mwaka wa 1935, liliwauzia wasomaji michoro. Aliyeitamani ndege alipata karatasi, akatafuta mbao nyepesi za balsa, wembe na gundi, kisha akajifungia chumbani majira yote ya baridi. Ndege ikianguka siku ya kwanza, aliyeiunda alijua ni kiungo gani kilichomwangusha, kwa sababu kila kiungo kilipita mikononi mwake.

Wala si kwamba ari hiyo ilikufa na watu wa kale. Mwaka wa 2003 Maynard Hill, Mmarekani wa umri wa miaka 77 ambaye macho yake yalikuwa karibu kupofuka na masikio yake yalikuwa mazito, alifaulu kuvusha ndege ya mfano katika Bahari ya Atlantiki. Ilikuwa ya mbao za balsa, na pamoja na mafuta yake haikufika kilo 5. Iliondoka Newfoundland, Kanada, tarehe 9 Agosti, ikaongozwa angani na kompyuta ndogo kwa msaada wa setilaiti, na baada ya saa 38 na dakika 52 ikatua pwani ya Ayalandi, mwendo wa kilomita zipatazo 3,000. Zilizotangulia zilikuwa zimepotea. Ni kampuni gani ingemuundia mzee huyo ndege ya namna hiyo? Na ingemuuzia nani ya pili?

Nirudi kwa mwanafunzi wangu. Baba yake alikuwa fundi wa mitambo katika Shirika la Ndege la Afrika Mashariki hadi lilipovunjika mwaka wa 1977. Kijana alizaliwa baadaye, akalelewa kwa masimulizi. VC10 haikuwa ndege ya kawaida kwetu. Iliundwa na kampuni ya Vickers huko Weybridge, katika kaunti hiyo hiyo ya Surrey, na waliohitaji ndege hiyo walikuwa wakifikiria viwanja vyenye joto na vilivyo juu ya milima kama Nairobi, ambako hewa ni nyepesi na ndege nzito hupata taabu kuinuka. Ndiyo maana injini zake nne zilifungwa nyuma karibu na mkia, ili mabawa yabaki safi na yafanye kazi ya kuinua tu. Zote pamoja zilizoundwa ni 54. Shirika letu lilinunua Super VC10 tano. Moja ilipotea katika ajali ya Addis Ababa mwaka wa 1972. Nne zilizosalia zilichukuliwa baada ya shirika kuvunjika, zikanunuliwa na jeshi la anga la Uingereza na kugeuzwa ndege za kujaza wenzake mafuta angani. Mojawapo, ambayo ndiyo VC10 ya mwisho kabisa kuundwa, ilitua kwa mara ya mwisho Dunsfold, Surrey, mnamo Septemba 2013. Kijana wa fundi wa Embakasi alikuwa nje ya ua siku hiyo, akimpigia baba yake simu ili asikie mngurumo.

Tangu hapo anaitamani. Si VC10 tu, kwani ile ya jeshi la Uingereza huenda siku moja ikapata kampuni. Anaitaka ile yenye nembo ya simba na jina la Afrika Mashariki. “Mwalimu,” aliniandikia, “hii hakuna atakayeniundia. Wanaoikumbuka wanazeeka, na wengi wao hawarushi ndege za rimoti.” Kweli iliyoje! Kampuni husikiliza matamanio ya walio wengi na wenye fedha. Ya kwetu hayamo katika hesabu hiyo. Si kwamba tumeonewa. Tu wachache mno, na tuko mbali. Ndivyo ilivyo pia katika uwanja wangu wa istilahi, ambako kwa miaka nimewasikia wenzangu wakinung'unika kwamba watengenezaji wa programu za kompyuta hawatuletei Kiswahili kizuri, kana kwamba kuna mtu huko ng'ambo anayekosa usingizi kwa ajili ya ngeli zetu.

Basi anaiunda mwenyewe, jikoni, usiku, watoto wakishalala. Kiwiliwili amekikata kwa povu na kukivika karatasi na gundi. Mbavu za mabawa ni balsa. Nimejifunza kwake kwamba kuifanya ndege ndogo si kugawanya vipimo tu. Ukipunguza urefu kwa nusu, eneo la bawa hubaki robo, na ujazo hubaki thumuni. Lakini hewa haipungui pamoja nawe. Bawa jembamba lililolala nyuma, ambalo kwenye ndege kubwa ni la fahari, kwenye ndogo huweza kupoteza mshiko wa hewa nchani likienda polepole, na ndege ikapinduka bila onyo. Injini nne mkiani ni nakama nyingine: uzito wote umekaa nyuma, na ndege yenye mkia mzito hairuki, inajirusha. Ameamua kwamba feni mbili za umeme zitafanya kazi na mbili zitakuwa sura tu, na betri zote azisukume hadi puani. Alipokuwa mwanafunzi wangu wa isimu, kabla ya kuhamia uhandisi, sikupata kumwona akishughulikia jambo kwa makini namna hii. Kosa huenda lilikuwa langu.

Nasema hivyo kwa sababu walimu ndio wasomaji wa safu hii. Nani kati yetu hakuunda gari la waya utotoni? Tulikunja waya za ua wa jirani, tukatia magurudumu ya kandambili zilizochakaa, tukaweka usukani mrefu wa kuongozea tukiwa tumesimama wima. Hatukumwambia mtu “laiti wangetuundia”. Mtoto huyo akifika sekondari, tunampa picha ya mashine aichore upya na ataje sehemu zake kwa alama kumi. Nimeona katika maabara nyingi vifaa vilivyoletwa na wafadhili vikiwa vimefungiwa kabatini visiharibike, na wanafunzi wakivitazama kupitia kioo. Wakiulizwa wanataka nini kwa ajili ya shule yao, huandika orodha, nayo orodha huanza kwa “tungependa tununuliwe”. Mimi sina ugomvi na kununua. Kampuni hizo zimewawezesha wazee wenye mikono inayotetemeka kurusha ndege tena, na hilo si jambo dogo. Ugomvi wangu ni na mwanafunzi anayehitimu bila kuwahi kukiangusha kitu alichokiunda mwenyewe.

Barua ya pili ya kijana wangu iliwasili juma lililopita. Aliiweka ndege juu ya ncha za vidole viwili, chini ya mabawa, kama wafanyavyo kupima mizani, na mkia ukazama. Ameongeza risasi puani, mkia ukazama tena, kidogo. Sasa anafikiria kuung'oa na kuuchonga upya, wepesi zaidi, jambo litakalomchukua hadi mwezi ujao. Baba yake anamwambia kwa simu kwamba mistari ya rangi ubavuni ilipita chini ya madirisha; picha moja aliyoipata inaonyesha vingine, nao wawili wamebishana hadi mama akaingilia kati. Hataki kupaka rangi kabla ya kujua. Ikiwa kuna msomaji, au mzazi wa msomaji, aliyefanya kazi Embakasi kabla ya 1977 na ana picha ya rangi, hata iliyokunjika, namwomba amwandikie mhariri wa gazeti hili, naye atanifikishia. Tutainakili na kumrudishia yake.