Tuanze na Beseni la Maji



Kamati za sharika zinapoandika maombi ya fedha za chekechea, mara nyingi hutanguliza vinyago vya plastiki na mabango ya ukutani. Sisi tunashauri beseni la maji.

Mtoto wa miaka mitano anaweza kuimba "chuma ni kizito, mbao ni nyepesi" mwaka mzima bila kujua anachosema. Mpe msumari, kokoto, kijiti na kizibo cha soda, kisha aseme kabla ya kutumbukiza: kitazama au kitaelea? Mwalimu asimharakishe. Kizibo ni cha chuma, lakini kikilazwa chali juu ya maji huelea kama mtumbwi. Kikijaa maji huzama. Watoto wakishakubaliana kwamba mbao huelea, lete kipande cha mpingo kutoka kwa wachongaji. Kinazama moja kwa moja! Mpingo ni mzito kuliko maji ya ujazo ule ule.

Maji yamwagwe mara baada ya somo, na mtu mzima asiondoke hata dakika moja, kwani mtoto mdogo huweza kuzama hata katika maji machache.

Kwa hiyo tunawaomba wafadhili wetu waturuhusu kuhamishia fedha za vinyago kwenye semina za walimu. Beseni kila usharika unalo. Mwalimu aliyezoea kuuliza na kusubiri jibu ndiye haba.

Nyumbani, wazazi waendelee kuuliza: kwa nini sufuria ni ya chuma, na mwiko ni wa mti?