Jina Jingine, Sumu Ile Ile

Katika Hadithi iliyopokewa na Abu Malik Al-Ash'ari (R.A.) na kuandikwa na Abu Daud na Ibn Majah, Mtume Muhammad (S.A.W.) alitabiri kuwa watatokea watu katika umma wake watakaokunywa ulevi na kuuita kwa jina lisilokuwa lake. Mzazi wa Kiislamu aliyeko Tukuyu hana haja ya kwenda mbali kutafuta ushahidi. Na apite jioni karibu na kijiwe cha vijana, asikilize tu: ulabu, masanga, mtungi, maji, machozi ya simba. Neno pombe lenyewe huenda asilisikie.

Ndugu wasomaji, kiroba kwa Kiswahili cha nyumbani ni mfuko mdogo wa unga. Jina hilo la jikoni likabebeshwa pakiti ya plastiki yenye pombe kali, ambayo kijana aliweza kuificha ndani ya soksi, akaichana kwa meno na kuifyonza kwa mkupuo, bila glasi wala chakula. Serikali ilivipiga marufuku viroba kuanzia tarehe 1 Machi 2017. Pakiti zikaondolewa madukani, lakini mkupuo haukuondoka. Wako wanaochanganya pombe kali na vinywaji vya kuongeza nguvu, na hapo kafeini humficha mnywaji ulevi wake. Hujiona mzima, akaongeza, kisha akapanda pikipiki kuteremka barabara ya Kyela yenye kona na ukungu.

Kisingizio cha Rungwe, bila shaka, ni baridi. Jambo la kusikitisha ni kwamba hali ni kinyume chake. Pombe hupanua mishipa midogo ya damu iliyo karibu na ngozi, hivyo mnywaji huhisi joto ilhali mwili wake unalipoteza. Aliyezidiwa na kulala migombani usiku wa Julai anaweza asiamke.

Ama gongo, hakuna anayejua kilichomo. Mwezi Novemba 2000, katika mtaa wa Mukuru kwa Njenga jijini Nairobi na mitaa jirani, pombe iliyoitwa kumi kumi, jina la utani lililotokana na bei yake ya shilingi kumi, iliua watu zaidi ya 100 na kuwapofusha wengine. Ilikuwa na methanoli, ambayo mwili huigeuza kuwa asidi inayoharibu mshipa wa jicho. Dalili zake huweza kuchelewa saa 12 hadi 24, wakati ambapo familia imekwisha kujipa moyo kuwa kijana amelala usingizi wa kawaida.

Hapa ndipo aibu inapoua. Familia ya Kiislamu, hasa inayoishi miongoni mwa majirani wa dini nyingine, huogopa kuonekana hospitalini na mtoto aliyelewa. Kumsitiri Muislamu ni ibada, lakini kumfungia ndani hadi afe si sitara. Alazwe kwa ubavu asipaliwe na matapishi, asiachwe peke yake, na apelekwe hospitali upesi akilalamika kuwa haoni vizuri au akipumua kwa shida. Na daktari akiuliza, asiambiwe kuwa mtoto "amekula kitu kibaya". Aambiwe: amekunywa gongo, kiasi hiki, tangu saa fulani.