Ufagio, karai na mizani: Je, kazi za nyumbani hupunguza unene?

Mnamo Januari 2024, jirani yangu mmoja mtaani Umoja, Nairobi, alichukua hatua iliyotushangaza wengi kwenye ploti. Alimwachisha kazi msichana aliyekuwa amemsaidia nyumbani kwa miaka mitatu. Alimlipa haki yake yote, akamsindikiza hadi kituo cha mabasi na kumkatia tikiti ya kurudi kwao.

Msichana huyo hakuwa ameiba wala kukosa adabu. Kosa lake, ikiwa lilikuwa kosa, ni kwamba alikuwa akifanya kazi ambazo jirani yangu aliamua kuwa ndizo dawa yake.

Wiki chache kabla ya hapo, mama huyu alikuwa amekwenda kliniki akilalamika kuumwa na kichwa. Alipopimwa, shinikizo la damu lilipatikana liko juu, na mizani ikasoma kilo 84. Daktari alimwambia bila kumficha kwamba ni lazima apunguze uzani na aanze kufanya mazoezi.

Alipouliza ada ya jimu iliyo karibu alitoka mbio. "Dada," aliniambia tukianika nguo, "kwa nini niwalipe watu pesa ili nikainue vyuma, na nyumbani kuna sakafu ya kupiga deki, nguo za watu watano za kufua na maji ya kupandisha hadi ghorofa ya nne? Na huyu msichana anayezifanya kazi hizo ni mwembamba kama ufito. Huo si ushahidi?"

Nilikubali kwamba ni ushahidi. Miezi mitatu baadaye alirudi kliniki na kupanda mizani ileile. Kilo 85.

Mpenzi msomaji, huenda nawe umewahi kujiuliza swali hilo la jirani yangu. Umeinama tangu asubuhi, mgongo unauma, jasho linakutiririka, na bado sketi haifungiki kiunoni. Je, kazi yote hiyo inahesabiwa au haihesabiwi?

Inahesabiwa. Mwili haujui kama unasukuma ufagio au unaendesha baiskeli ya mazoezi. Misuli ikifanya kazi hutumia nguvu, na nguvu hizo hutokana na chakula ulichokula au mafuta uliyoyaweka akiba. Swali lililo muhimu ni kiasi gani, na hapo ndipo wengi wetu hujidanganya.

Mwaka wa 1993 wataalamu wa Marekani wakiongozwa na Barbara Ainsworth walichapisha orodha ndefu ya shughuli za binadamu, kila moja ikiwa na kipimo cha nguvu inazohitaji. Orodha hiyo imerekebishwa mara kadhaa tangu wakati huo, na mara ya karibuni ilikuwa 2024. Kipimo chenyewe ni rahisi kukielewa. Kukaa kitako umetulia huhesabiwa kuwa 1, yaani kalori moja kwa kila kilo ya uzani wako kwa saa. Kupika, kuosha vyombo na kupiga pasi ni kama 2 tu. Kufagia polepole ni zaidi kidogo ya hapo. Kupiga deki kwa bidii ni kama 3 na nusu, sawa na kutembea kwa mwendo wa kawaida wa mtu anayejua aendako. Kufua kwa mikono ni 4. Kupanda ngazi ukiwa umebeba mzigo hufika 7 na nusu.

Sasa tufanye hesabu. Mtu wa kilo 80 akifua kwa saa nzima hutumia takriban kalori 320. Lakini hata angalikaa tu kwenye kochi angalitumia 80, kwa hivyo faida halisi ya kufua ni 240. Si haba. Hata hivyo, kijiko kimoja kikubwa cha mafuta ya kupikia kina kalori zipatazo 120. Vijiko viwili vikiongezwa kwenye sufuria ya sukumawiki na kuliwa na mtu huyo huyo, kufua kote kumekwisha.

Nusu saa ya kufagia polepole ni hadithi ya kusikitisha zaidi. Faida yake ni kalori 50 hivi, ambazo ni vijiko vitatu vidogo vya sukari. Ni wangapi kati yetu humaliza kufagia kisha tukajipongeza kwa kikombe cha chai chenye vijiko vitatu?

Kilo moja ya mafuta ya mwilini imebeba takriban kalori 7,700. Kwa kufua peke yake, bila kubadilisha jambo lingine lolote, ungehitaji zaidi ya saa 30 za karai ili kuiondoa. Tena ziwe saa ambazo hapo awali hukuwa ukifua.

Neno hilo la mwisho ndilo lililonifungua macho. Kama umekuwa ukifua kila Jumamosi kwa miaka kumi, basi kufua huko kumo tayari katika uzani ulio nao leo. Mwili ulikwisha kukuhesabia zamani. Mama anayesema, "Mimi nafanya kazi mchana kutwa na bado ni mnene," hasemi uongo hata kidogo. Kazi yake inamzuia kunenepa zaidi. Lakini ili mizani ishuke, lazima kitu kiongezeke kwenye kazi au kipungue kwenye sahani.

Jirani yangu alikuwa ameongeza kazi. Mbona basi akapanda kilo?

Jumapili moja tulikaa na daftari tukaandika siku yake nzima, ya zamani na ya sasa. Zamani, alipokuwa na msaidizi, alitembea nusu saa kwenda kwenye kibanda chake cha nguo sokoni na nusu saa kurudi jioni, siku sita kwa wiki. Baada ya kumwachisha msichana kazi, asubuhi ilimbana. Alianza kupanda bodaboda ili awahi wateja, na jioni akapanda tena ili awahi kupika. Saa nzima ya kutembea ilipotea kila siku, na hiyo ni takriban kalori 200 baada ya kuondoa zile za kukaa. Kazi za nyumbani alizoziongeza, nyingi zikiwa za kusimama jikoni, zilifidia shimo hilo kwa shida.

Isitoshe, akipika huonja. Mtoto akibakiza chapati, yeye humalizia kwa kuogopa kutupa. Na akisha kufua hujihisi amestahili maandazi mawili. Ikifika saa mbili usiku huwa amechoka hoi na hainuki kwenye kochi hadi wakati wa kulala, ilhali zamani alikuwa akishuka chini kutembeleana na majirani.

Hayuko peke yake. Mwaka wa 2013 watafiti wa Ireland Kaskazini walichapisha matokeo ya kuwahoji watu 4,563 kuhusu shughuli zao. Waliohesabu saa nyingi za kazi za nyumbani kama mazoezi walikuwa, kwa wastani, wazito kuliko waliohesabu chache. Bila shaka ufagio haunenepeshi mtu. Watafiti wenyewe walishuku kwamba watu hukuza mno bidii ya kazi hizo, au hula zaidi kwa kudhani wamefanya kazi kubwa.

Lakini habari iliyonishangaza zaidi ilitoka karibu na kwetu, kwa jirani zetu wa Tanzania. Karibu na Ziwa Eyasi wanaishi Wahadzabe, jamii ambayo baadhi ya watu wake bado huishi kwa kuwinda, kuchimba mizizi na kuokota matunda ya porini. Mtaalamu Herman Pontzer na wenzake walipima nguvu ambazo Wahadzabe 30 walitumia kwa siku nzima, wakachapisha matokeo mwaka wa 2012. Wanaume walitembea takriban kilomita 11 kwa siku na wanawake karibu 6, mbali na kuchimba, kubeba maji na kutafuta kuni. Utadhani walitumia kalori maradufu kuliko karani wa mjini. La, hasha! Ukizingatia ukubwa wa miili yao, jumla ya nguvu walizotumia haikutofautiana na ya watu wa Marekani na Ulaya wanaoshinda vitini.

Pontzer anaeleza kwamba mwili una bajeti kama ya nyumba. Ukitumia nyingi kwa kutembea, hubana matumizi kwingineko kimyakimya. Wataalamu wangali wanabishana kuhusu ukubwa wa kubana huko, lakini wengi wanakubaliana kwamba ni vigumu kumshinda mlafi kwa jasho peke yake.

Usikimbilie kutupa ufagio, ingawa. Wahadzabe haohao, katika uchunguzi uliochapishwa mwaka wa 2017, walipatikana na dalili chache mno za hatari ya ugonjwa wa moyo. Mwendo wa mwili hufaidi moyo, mishipa na sukari ya damu hata pale mizani inapokataa kusonga. Kwa mtu aliyeambiwa shinikizo lake liko juu, hilo si jambo dogo. Jirani yangu mwenyewe, alipopima kilo 85, shinikizo lilikuwa limeshuka kidogo, ingawa kufikia wakati huo alikuwa pia akimeza dawa.

Tena miguso midogo midogo si bure. Mwaka wa 1999 James Levine na wenzake nchini Marekani waliwalisha watu 16 kalori 1,000 za ziada kila siku kwa wiki nane. Mmoja alipata chini ya nusu kilo ya mafuta na mwingine zaidi ya kilo nne. Kilichowatenganisha zaidi si mazoezi rasmi, bali kusimama, kujinyoosha na kuzungukazunguka. Wanafunzi mnaokaa bwenini mkisoma kitandani tangu asubuhi, hapo mnahusika.

Shirika la Afya Duniani linapendekeza mtu mzima apate angalau dakika 150 hadi 300 kwa wiki za shughuli za wastani. Zamani lilitaka kila kipindi kisipungue dakika kumi, lakini mwaka wa 2020 liliondoa sharti hilo. Kwa hivyo zile dakika tatu za kupandisha mtungi wa lita 20 maji yanapopotea mferejini zinaingia hesabuni, na ni kalori 30 hivi kwa kila safari kwa mtu wa kilo 80.

Utajuaje kama kazi yako ni ya wastani? Jaribu kuimba. Ukipiga deki huku unaimba ubeti mzima bila kukatika pumzi, hiyo ni kazi nyepesi. Ukiweza kuzungumza lakini wimbo ukakushinda, umefika. Mwenye shinikizo au maumivu ya magoti amwulize daktari kwanza kabla ya kujitia ushujaa wa kusugua sakafu kwa magoti.

Na enyi akina baba mnaosoma gazeti hili mkisubiri chai iletwe, karai halina jinsia. Uchunguzi wa kitaifa wa afya wa mwaka 2014 ulionyesha kwamba wanawake 33 kati ya kila 100 wa umri wa miaka 15 hadi 49 nchini walikuwa na uzani uliozidi. Mwaka wa 2022, miongoni mwa wenye umri wa miaka 20 hadi 49, walikuwa 45. Wanaume walikuwa wachache, lakini vitambi ninavyoviona kwenye matatu haviniruhusu kuwaacha kando.

Jirani yangu alirudia kutembea kwenda sokoni. Mwanawe wa kiume, wa kidato cha tatu, alipewa kufua nguo zake mwenyewe na kunung'unika kwa wiki mbili. Mafuta ya kupikia sasa hupimwa kwa kijiko, hayamiminwi tena, na chupa iliyokuwa ikiisha kwa wiki moja hufika ya pili. Ilipofika Desemba 2024 alikuwa na kilo 80.

Alitaka pia kumrudisha yule msichana, lakini alikuwa amekwisha kuajiriwa Nakuru kwa mshahara ulio bora zaidi. Wao huzungumza kwa simu mara kwa mara. Siku moja alimwuliza, kwa utani, siri ya wembamba wake ilikuwa nini.

"Mama," msichana alimjibu akicheka, "mimi nilikuwa nakula nikimaliza kazi. Na kazi ya hapo kwako haikuwa inaisha."

Jirani yangu aliponisimulia hayo alikuwa akikunja nguo. Alinyamaza kitambo, kisha akaniomba nimshikie upande mmoja wa shuka.