Behewa la Nyama, Kubwa na Dogo

Hakuna mahali reli ya TAZARA inapopanda juu kuliko Uyole, pembeni mwa jiji la Mbeya: mita 1,789 kutoka usawa wa bahari. Kutoka hapo treni ya Dar es Salaam hupita Makambako, huingia kwenye mahandaki na madaraja ya ukingo wa nyanda za juu, hugusa Mgololo mkoani Iringa, kisha huteremka hadi Mlimba, kwenye bonde la Kilombero, ambako ardhi haifiki hata mita 400. Kwa kawaida ya hewa, kila mita 1,000 za mteremko huongeza joto kwa nyuzi 6 au 7. Kwa abiria aliyepandia Mbeya alfajiri ya Julai, hilo ni jambo la kuvua sweta. Kwa tani kadhaa za nyama ya ng'ombe, ni jambo la kufika au kuoza.

Reli hii ya kilometa 1,860 hadi Kapiri Mposhi ilijengwa kati ya 1970 na 1975 kwa mkopo wa China usio na riba, ikakabidhiwa rasmi 1976. Ilijengwa hasa kwa ajili ya shaba ya Zambia, na mizigo inayojulikana nayo mpaka leo ni shaba na mbolea. Mifugo ya nyanda za juu imezoea njia nyingine. Ng'ombe wa Usangu hupandishwa malori wakiwa hai, hushuka Kitonga kwa barabara ya TANZAM, na kufika pwani wamechoka na wamepungua uzito.

Hapo ndipo hesabu inapouma. Ng'ombe wetu wa asili akichinjwa, sehemu inayotundikwa buchani ni takribani nusu tu ya uzito aliokuwa nao hai. Nusu ya pili ni ngozi, kichwa, kwato, damu, utumbo na majani yaliyomo tumboni. Baadhi ya hivyo vina soko lake, lakini soko hilo lingeweza kuwa Mbalizi au Mafinga badala ya kusafirishwa kwa dizeli hadi mnada wa Pugu, Dar es Salaam. Mwenye kupeleka nyama badala ya mnyama hubeba karibu mara mbili ya chakula kwa uzito uleule. Anachohitaji ni behewa linalojua kutunza ubaridi.

Wachinjaji wa Marekani walipiga hesabu hiyo karne ya 19. Mwaka 1868 William Davis wa Detroit alipata hataza ya behewa ambalo nyama ilitundikwa juu ya mchanganyiko wa barafu na chumvi. Ubaridi ulipatikana, ila behewa lilipoingia kwenye kona kwa mwendo mkali, nyama yote iliyoning'inia iliyumba upande mmoja. Baada ya mabehewa kadhaa kuacha reli, mpango ule ukaachwa. Miaka kumi baadaye Gustavus Swift wa Chicago alimwajiri mhandisi Andrew Chase, naye akapindua mpangilio: barafu ikapanda juu, nyama ikashuka chini na kubanwa isiyumbe. Hewa baridi ni nzito kuliko ya joto, kwa hiyo ilishuka yenyewe juu ya nyama, ikapata joto, ikapanda tena kwenye barafu. Hakukuwa na mota wala feni.

Kosa la Davis linastahili kutazamwa kwa makini na yeyote anayefikiria nyama na reli ya TAZARA. Mzigo uliowekwa sakafuni husukuma behewa kutokea kwenye kitovu cha uzito wake. Mzigo ulioning'inia huru husukuma kutokea pale ndoano iliposhika, yaani karibu na paa. Kwa fizikia ya kupinduka, ni kama nyama yote imepandishwa darini. Tena reli ya TAZARA ina upana wa milimita 1,067, wakati reli ya kisasa ya SGR ina 1,435. Miguu ikikaribiana, kuanguka ni rahisi zaidi. Kati ya Mlimba na Makambako, kipande kilichowatesa wajenzi kuliko vyote kwa mahandaki na madaraja yake, kona hazihesabiki. Behewa la nyama la njia hiyo linataka ndoano fupi, nyaya za kuzuia kuyumba, na nyama iliyopangwa bega kwa bega.

Sasa ubaridi wenyewe. Tuchukue behewa la urefu wa mita 12, upana 2.8 na kimo 2.5 kwa ndani. Kuta zake zote, pamoja na sakafu na paa, zina eneo la mita za mraba 141 hivi. Mkataba wa Geneva wa 1970 kuhusu usafirishaji wa vyakula vinavyoharibika unataka chombo chenye kihami imara kisipitishe zaidi ya wati 0.4 kwa kila mita ya mraba kwa kila nyuzi moja ya tofauti ya joto. Nje kukiwa na nyuzi 30 na ndani 4, joto linalopenya ni kama wati 1,470, chini ya heta moja ya umeme ya kuchemshia maji. Kwa saa 24, joto hilo linayeyusha kilo 380 za barafu. Treni ya abiria ya TAZARA hutumia zaidi ya saa 20 kutoka Mbeya hadi Dar es Salaam kwa ratiba, na ya mizigo haikimbii kuliko hiyo. Hata tukihesabu siku mbili na jua kali la kupiga paa, tani moja na kitu ya barafu inatosha. Ni mzigo mdogo kwa behewa.

Lakini ng'ombe aliyechinjwa sasa hivi ana joto la nyuzi 39 hivi. Ukiingiza tani 10 za nyama ya namna hiyo na kutaka ifike nyuzi 4, unahitaji barafu zaidi ya tani tatu na nusu kwa ajili ya nyama peke yake, kabla ya kuhesabu joto linalopenya ukutani. Zaidi ya hapo, katikati ya paja nene hupoa polepole mno, na bakteria hawasubiri: katika joto la mwili, baadhi yao huongezeka maradufu kwa nusu saa au pungufu. Behewa hutunza ubaridi, halitengenezi ubaridi. Nyama lazima ipozwe kwanza kwenye chumba cha baridi cha machinjio. Usiku wa Juni pale Mbeya, ambao mara nyingi hushuka chini ya nyuzi 10, ungepunguza kazi ya mashine za chumba hicho, na hiyo ni faida ya kimaumbile ambayo Dar es Salaam haina.

Afrika Mashariki haikuwa mgeni wa fikra hizi. Kenya iliunda Kenya Meat Commission mwaka 1950, na kiwanda chake kiko Athi River kando ya reli ya Mombasa. Tanganyika Packers, kule Kawe, walikwepa tatizo la ubaridi kwa kuipika nyama ndani ya kopo. Kopo halihitaji barafu, lakini hakuna anayechoma mshikaki wa nyama ya kopo.

Behewa la nyama lina maisha ya pili, mezani, likiwa mfano mdogo wa kuunganisha. Huko Uingereza kampuni ya Airfix iliwahi kuuza behewa la nyama la British Railways likiwa vipande vya plastiki ndani ya boksi, kwa kipimo cha 1:76. Baadaye kalibu za kumiminia plastiki zikaenda kwa kampuni ya Dapol, ambayo ikaendelea kulitoa. Mnunuzi hukata vipande kutoka kwenye fremu yake, husugua kingo kwa msasa, hugundisha, hupaka rangi. Fundi makini hujifunza mambo ambayo mpita njia kituoni hayaoni: kwa nini behewa la nyama la safari fupi lina matundu ya hewa, wakati la safari ndefu limezibwa kabisa, kwa nini lingine lina ngazi hadi kwenye mifuniko ya paa, palipoingizwa barafu, kwa nini mabehewa mengi ya ubaridi yalipakwa nyeupe. Nyeupe hurudisha sehemu kubwa ya mwanga wa jua, na paa la behewa letu la mita 12 lina mita za mraba karibu 34 za kuchomwa na jua hilo.

Plastiki ya boksi hilo ni polistireni. Ni plastiki ileile ambayo, ikijazwa mapovu ya hewa, huwa yale maboksi meupe mepesi ya kuwekea samaki na barafu. Kinachohami joto hapo ni hewa iliyonaswa ndani ya mapovu. Plastiki iliyo imara, isiyo na mapovu, hupitisha joto mara nne hivi zaidi. Gundi yake nayo haifanyi kazi kama ya karatasi. Ni kiyeyushi: hulainisha kingo mbili, minyororo ya molekuli ikaingiliana, kisha kiyeyushi kikaruka hewani na kuacha kipande kimoja. Ni uchomeleaji bila moto, na mvuke wake ni hatari kwa mapafu, hivyo kazi hiyo hufanywa dirisha likiwa wazi.

Anayetaka mfano wa behewa la TAZARA hasa atakutana na suala la vipimo. Reli ndogo inayouzwa sana duniani ina upana wa milimita 16.5. Ikitumiwa kwa kipimo cha 1:76, inawakilisha reli ya milimita 1,254, ambayo si ya Uingereza wala ya kwetu. Lakini ukitengeneza behewa kwa 1:64, reli ileile inakuwa sawa na milimita 1,056, pungufu ya milimita 11 tu kwa upana wa TAZARA. Mafundi wa Afrika Kusini na New Zealand, nchi zenye reli ya upana huohuo wa 1,067, wamekuwa wakitumia njia hii. Behewa letu la mita 12 linakuwa na urefu wa sentimeta 19.

Hapa mfano huo mdogo unafundisha jambo ambalo lile kubwa linalificha. Kwa 1:64, eneo la kuta hupungua mara 4,096, lakini ujazo hupungua mara 262,144. Mita za ujazo 84 zinakuwa mililita 320, karibu na chupa ya soda. Ndani mmebaki kitu kidogo sana cha kutunza ubaridi, na kuta nyingi za kuupoteza. Unene wa kihami nao, sentimeta 10, umekuwa milimita moja na nusu. Ukizidisha athari hizo mbili, na kuhesabu ukuta peke yake, joto ambalo lingehitaji siku nzima kuingia katika behewa halisi lingemaliza kazi kwa sekunde 21. Hewa inayogandama kwenye kuta ingechelewesha mambo kidogo, lakini kanuni ni hiyo. Ndiyo sababu nusu ya ng'ombe hudumu kuliko nyama ya kusaga, bonge la barafu hudumu kuliko vipande, na behewa zima la nyama ni rahisi kulitunza kuliko maboksi mia moja juu ya pikipiki.

Boksi la Airfix halipatikani kwa urahisi Mwanjelwa wala soko kuu la Iringa, na bei yake pamoja na usafirishaji haimfai mwanafunzi. Malighafi haikosekani, hata hivyo. Vikombe vya plastiki vyenye namba 6 ndani ya pembetatu ni polistireni. Mbao za dari za PVC hukatika vizuri kwa kisu. Spoku ya baiskeli ni ekseli iliyo tayari. Na kiwanda cha karatasi cha Mgololo, kilichoanza uzalishaji katika miaka ya 1980 kando ya reli hiyohiyo, hutoa karatasi ngumu ya kahawia ambayo ikigundishwa tabaka tatu inasimama kama ubao.

Septemba 2024, mjini Beijing, Tanzania, Zambia na China zilitia saini hati ya makubaliano ya kuifufua TAZARA. Mazungumzo ya aina hiyo hutawaliwa na shaba, nayo ina haki yake. Lakini parachichi za Rungwe na Njombe, maziwa ya Iringa na nyama ya Usangu zote zinataka kitu kimoja, ubaridi usiokatika, na mabehewa ya namna hiyo hayaji yenyewe kama hakuna mtu wa hapa anayejua kuyaeleza na kuyadai. Lipo pia suala la kuhamisha mzigo: pale Kidatu, TAZARA inapokutana na reli ya kati ya upana wa mita moja, nyama iliyotundikwa ingepaswa kushushwa na kupandishwa tena mlango ukiwa wazi. Kontena la baridi linaloinuliwa zima ni jibu bora, na wabunifu wanapaswa kuanzia hapo.

Walimu wa fizikia wa Mbeya na Iringa, na wakufunzi wa VETA na wa Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya, wanaweza kuanza muhula ujao bila kusubiri hati yoyote. Tengenezeni mabehewa mawili ya karatasi ngumu na stairofomu, ile polistireni yenye mapovu, la pili likiwa mara mbili ya la kwanza kwa kila kipimo, unene wa kuta ukiwemo. Jazeni barafu kwa uwiano mmoja, wekeni juani, pimeni maji yaliyoyeyuka kila baada ya dakika 15. Hesabu inasema barafu ya lile kubwa itadumu karibu mara nne. Wanafunzi wapime, na tofauti watakayoipata waitafutie sababu wenyewe.