Hospitali imekatwa utepe. Je, imejaribiwa?

1/ Kila msimu wa siasa mjadala ni ule ule. Upande huu: "Tumejenga hospitali." Upande ule: "Hilo ni jengo tu, huduma hakuna." Naulizwa sana nani mkweli. Mimi naona wote wanaruka swali moja: kabla ya kufunguliwa, kuna mtu aliijaribu? Uzi.

2/ Kujaribu si kutembezwa na mkandarasi ukionyeshwa rangi na vigae. Ni igizo, wengine huliita simulesheni. Wahudumu watakaofanya kazi pale wanaingia kabla ya wagonjwa. Sanamu ya mafunzo, au mmoja wao, analazwa kama mgonjwa. Wanamhudumia kama kawaida huku saa ikihesabu.

3/ Chukua mama anayevuja damu baada ya kujifungua. Apelekwe chumba cha upasuaji. Machela inapita kwenye kona? Mlango unafungukia upande gani? Damu inatoka wapi, nani anaikimbilia, na usiku soja amefunga geti lipi? Kwenye mchoro kila kitu hupita.

4/ Mtoto akizaliwa hapumui, anafaa kusaidiwa pumzi ndani ya dakika 1. Kifaa kikiwa kwenye kabati la chumba cha pili, na ufunguo uko kwa nesi mwingine, hiyo dakika imeisha. Kosa si la nesi, ni la mpangilio. Igizo moja fupi lingelionyesha.

5/ Halafu jaribu siku mbaya. Zima stima makusudi: jenereta inachukua muda gani kushika? Piga kengele ya dharura chooni: nani anaisikia?

6/ Hii hufanywa hata kabla ya ukuta kusimama. Chumba kinachorwa sakafuni, kuta zinakuwa za kadibodi za ukubwa halisi, vitanda vinaingizwa, watu wanaigiza. Kadibodi unaisogeza kwa mkono. Ukuta uliopigwa plasta ni tenda nyingine, na mambo ya tenda tunayajua.

7/ Tuje nyumbani. Katiba ya 2010 iliweka vituo vya afya vya kaunti chini ya kaunti. 2015 serikali ya kitaifa ikaanza mpango wa kukodishia hospitali za kaunti vifaa. Mashine zilifika, lakini baadhi zikakaa tu: stima haitoshi, maji hakuna, chumba hakifai, au mtaalamu hayupo. "Nani atawasha hii mashine Jumatatu?" ndilo swali ambalo igizo huuliza mapema.

8/ "Lakini kuahirisha ufunguzi ni aibu." Angalia Edinburgh, Uskoti. Julai 2019, hospitali mpya ya watoto ilibakisha siku chache ihamiwe. Ukaguzi wa mwisho ukaonyesha mfumo wa hewa kwenye wadi ya mahututi haujafikia viwango. Waziri akasimamisha. Ilikuja kufunguliwa kikamilifu Machi 2021.

9/ Ule ulikuwa upimaji wa mitambo, si igizo, na lawama zilikuwepo: kasoro kama hiyo ilifaa kuonekana mapema zaidi. Lakini funzo ni lile lile. Ni afadhali ionekane kwa vipimo kuliko kwa mtoto aliyelazwa.

10/ Tusidanganyane, igizo halileti dawa wala kuajiri madaktari. Ila linafichua pengo. Kaunti ikikosa watu wa kuigiza zamu ya usiku, ina maana haina watu wa zamu yenyewe. Heri tujue hilo kabla ya hotuba.

11/ Kwa hivyo kwenye kikao cha umma kuhusu bajeti, au akija kuomba kura na picha za jengo, muulize matatu. Wahudumu wenyewe waliigiza kazi humo? Walipata kasoro gani? Zipi zimerekebishwa, zipi bado? Na aje na orodha, si picha. Atakayelala kwenye hicho kitanda ni mama yako au wangu.